Dola ya Morgan au senti ya Lincoln: wakusanyaji wa Marekani wanaipenda ipi zaidi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninaishi Columbus, Ohio, na mwaka jana nilijiunga na klabu ya wakusanyaji wa sarafu hapa mjini. Kila tukikutana huzuka ubishi uleule: ni sarafu gani ya zamani inayopendwa zaidi na wakusanyaji wa Marekani? Wengi wanasema dola ya Morgan. Mwenyekiti wetu hakubali kabisa, anasema ni senti ya Lincoln na hakuna ya kuifikia. Mwingine yeye ni dhahabu tu, ile ya dola 20 ya Saint-Gaudens. Nani yuko sahihi? Halafu kuna mzee jirani yangu alinizawadia dola ya Morgan ya 1921, wenzangu wakaiangalia wakasema hiyo haina maana. Ni kweli? Na mtu kama mimi aanzie wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Jibu langu ni dola ya Morgan, ile dola kubwa ya madini ya fedha iliyoanza kufuliwa 1878. Nimekaa kwenye biashara ya kununua na kuuza sarafu miaka mingi, na ninajua watu wanaulizia nini wakifika mezani. Mwenyekiti wenu ana hoja nzito, tena naiheshimu, ila nadhani anajibu swali tofauti kidogo na lile mliloulizana. Nitamfikia.

Kwanza tuweke mpaka. Ninaposema sarafu ya zamani, nazungumzia zile za kabla Marekani haijaiondoa fedha kwenye pesa za kila siku. Daimu (sarafu ya senti 10), robo na nusu dola zenye tarehe ya 1964 ndizo za mwisho kuwa na asilimia 90 ya fedha. Baada ya hapo ni shaba na nikeli, isipokuwa nusu dola iliyobakiwa na fedha kiasi hadi 1970. Na humu ndani nikisema fedha namaanisha madini; nikitaka kusema hela, nitasema pesa.

Sasa, ukitaka kuelewa kwa nini Wamarekani wanaipenda hivi dola ya Morgan, anza na jambo moja ambalo wengi hawalitarajii: ilipotoka, watu hawakuitaka.

Mwaka 1873 Bunge la Marekani liliifuta dola ya fedha kwenye orodha ya sarafu. Miaka hiyohiyo migodi ya Nevada, hasa ule mshipa mkubwa wa Comstock, ilikuwa ikitoa fedha nyingi mno, bei ikaporomoka. Wenye migodi wakaungana na wakulima waliokuwa na madeni, ambao walitaka pesa iongezeke mikononi mwa watu ili madeni yalipike. Wakapiga kelele mpaka Februari 1878 ikapita sheria ya Bland-Allison, tena ilipita ingawa Rais Rutherford Hayes alikuwa ameikataa. Sheria hiyo iliilazimisha Hazina kununua kila mwezi fedha ya kati ya dola milioni 2 na milioni 4, na kuifua iwe sarafu. Kazi ya kuchora ikamwangukia George T. Morgan, Mwingereza aliyeajiriwa na kiwanda cha sarafu cha Marekani mwaka 1876. Ile sura ya mwanamke unayoiona, ambayo ni sura ya Uhuru, aliichora kwa kumtazama mwalimu wa shule wa Philadelphia aliyeitwa Anna Willess Williams.

Ikatoka sarafu ya gramu 26.73, upana wake milimita 38.1. Mtu wa pwani aliyewahi kushika riale ya Maria Theresa iliyoachwa na bibi yake anajua uzito wa namna hiyo unavyokaa mkononi, maana zinakaribiana. Nevada na Montana watu waliipokea, lakini wenyeji wa New York na Boston walipenda noti. Basi viwanda vikawa vinafua, sarafu zinatiwa kwenye magunia, 1,000 kila gunia, na magunia yanarundikwa kwenye vyumba vya chini vya Hazina. Badala yake zikatolewa noti, na mwenye noti aliahidiwa kwamba akitaka dola yake ya fedha aje atapewa. Hali ikaendelea hivyo hadi 1904. Mamilioni ya dola yalikaa gizani bila kuguswa na mkono wa mtu.

Halafu mwaka 1918 ikaja sheria ya Pittman. Uingereza, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, ilikuwa inahitaji fedha kwa haraka kwa ajili ya India, ambako watu walikuwa wanarudisha noti na kudai rupia. Marekani ikaingiza tanuruni dola 270,232,722, na sehemu kubwa kabisa ya fedha hiyo ikauziwa Uingereza. Kumbuka wakati huo rupia ya India ndiyo ilikuwa pesa ya Mombasa na Nairobi pia, kwa hiyo habari hii si ya mbali na kwetu kama inavyoonekana. Lakini jambo linalomhusu mkusanyaji ni hili: hakuna aliyeandika ni dola za mwaka gani, za kiwanda kipi, zilizoyeyushwa. Vitabu vya kiwanda vinakwambia zilifuliwa ngapi. Zilizobaki ni ngapi, hapo kila mtu alibaki kukisia.

Na kukisia huko ndiko kulikowasha moto. Chukua dola ya 1903 ya New Orleans, yenye alama ya O. Zilifuliwa milioni 4.45, lakini kwa miongo mingi hazikuonekana zikiwa mpya, yaani zisizotumika, watu wakaamini zote ziliyeyushwa. Kitabu cha bei kikaiweka dola 1,500 kwa ile mpya, pesa nyingi sana wakati huo. Mwishoni mwa 1962 Hazina ikafungua akiba zake ili benki zipate dola za kutosha kwa msimu wa Krismasi, na ndani ya magunia zikakutwa 1903-O tele. Bei ikaanguka hadi makumi machache ya dola. Kuna waliolia, bila shaka. Ila kwa kila aliyelia walitokea maelfu waliokimbilia benki na noti zao kudai magunia, wakitarajia kukuta kitu ndani. Kufikia Machi 1964 kulikuwa na foleni nje ya jengo la Hazina mjini Washington, na mwezi huohuo serikali ikafunga dirisha: hakuna dola tena.

Hazina ilibakiwa na karibu dola milioni 3, nyingi mno zikiwa za Carson City, Nevada, zenye alama ya CC. Hizo ziliuzwa kwa wananchi kwa njia ya posta kati ya 1972 na 1980, nyingi zikiwa ndani ya makasha ya plastiki. Dola ya 1884-CC ni mfano ninaopenda kuutoa: zilifuliwa milioni 1.136, na zaidi ya 900,000 kati yake zilikuwa bado mikononi mwa serikali miaka 90 baadaye. Karibu zote hazikuwahi kununua hata mkate.

Sasa unganisha hayo. Sarafu nyingine za karne ya 19 zilitumika zikalika. Ukitaka robo dola ya 1881 iliyo mpya, utatafuta sana na utalipa sana. Dola ya 1881 ya San Francisco, mpya, inang'aa utadhani imetoka kiwandani asubuhi hii, ipo kwenye duka lolote la sarafu Marekani, na mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kuinunua. Unashika kitu kikubwa cha fedha cha enzi za treni za moshi na migodi ya Nevada, na hakijachakaa. Hakuna sarafu nyingine ya Marekani ya enzi hiyo inayompa mgeni zawadi hiyo kwa bei hiyo.

Mlango wake ni mpana, lakini nyumba haina mwisho. Ukishapata za bei rahisi unaanza kupanda: za Carson City, halafu 1889-CC, halafu 1893-S (S ni alama ya San Francisco) ambayo zilifuliwa 100,000 tu na hata ikiwa imechakaa inauzwa kwa maelfu ya dola. Juu kabisa iko 1895 ya Philadelphia. Vitabu vya kiwanda vinasema zilifuliwa 12,000 za matumizi ya kawaida, na hakuna hata moja inayojulikana leo. Zilizopo ni baadhi tu ya zile 880 zilizofuliwa kwa uangalifu maalumu kwa ajili ya wakusanyaji. Wengine hawapandi namna hiyo, wao wanachukua kioo cha kukuza na kutafuta tofauti ndogondogo za mihuri iliyotumika kufulia, mfano tarakimu iliyopigwa mara mbili au unyoya wa mkia wa tai uliozidi. Kuna watu wamekaa kwenye dola hii moja miaka 40 na bado wanajifunza.

Nikuonyeshe na macho yanaangalia nini. Shika 1881-S kwa kingo, chini ya taa moja, uizungushe polepole. Mng'ao utauona unazunguka juu ya uso wa sarafu kama spoku za gurudumu. Huo mng'ao unatokana na mistari midogo sana iliyoachwa na madini yalipokuwa yanasukumwa kwenye muhuri wa chuma, na ukisugua sarafu hata mara moja kwa kitambaa na dawa, unaifuta mistari hiyo na haitarudi. Kisha tazama shavu la yule mama. Ni pana na laini, na ndipo kovu lolote la kugongana ndani ya gunia linapojionyesha. Gunia la dola 1,000 lina uzito wa kilo 26 na ushee, na lilirushwa kutoka kwenye mikokoteni hadi sakafuni mara nyingi. Shavu safi linaweza kuongeza bei maradufu na zaidi. Geuza upande wa tai, utazame manyoya ya kifua. San Francisco walipiga kwa nguvu, manyoya yanahesabika. Za New Orleans mara nyingi kifua ni bapa, na upande wa mbele nywele zilizo juu ya sikio zimefifia, kwa sababu walipiga bila kukaza. Mtu akishajua kuona hayo, huwa haachi tena.

Kampuni za kupima na kufungia sarafu kwenye kasha zilipoanza miaka ya 1986 na 1987, PCGS kisha NGC, dola ya Morgan ilikuwa kana kwamba ilikuwa inazisubiri. Ni kubwa, makovu yake yanaonekana, zipo nyingi kiasi cha kulinganisha moja na nyingine, kwa hiyo kipimo chao cha ubora cha 1 hadi 70, ambapo 70 ni sarafu isiyo na dosari, kinaikaa sawasawa. Sarafu ndogo kama daimu haimpi mtu uwanja huo.

Sasa mwenyekiti wenu. Akisema ni senti ya Lincoln iliyowafanya Wamarekani wengi zaidi kuwa wakusanyaji, nasimama upande wake bila kusita. Ilitoka Agosti 1909, miaka 100 tangu Lincoln azaliwe, kazi ya Victor David Brenner, mhamiaji kutoka Lithuania. Herufi V.D.B. alizoweka chini upande wa nyuma zilizua malalamiko, zikaondolewa ndani ya siku chache, na San Francisco ilikuwa imeshafua 484,000 tu zenye herufi hizo. Kuanzia hapo kila mtoto wa Marekani alikuwa na sababu ya kupekua chenji ya mama yake. Miaka ya 1930, wakati wa ule mdororo mkubwa wa uchumi, zilitoka bao za kadibodi zenye matundu, kila tundu limeandikwa mwaka na kiwanda. Baadaye zikawa vile vijalada vya buluu vya Whitman. Mtu asiye na kazi aliweza kukaa jioni nzima na rundo la senti, akijaza matundu, na gharama ni senti moja kwa tundu. Ukizungumza na mkusanyaji yeyote wa Marekani mwenye umri wa miaka 60 au 70, muulize alianza na nini. Wengi watakujibu hivyo: kijalada cha buluu, na tundu la 1909-S VDB lililobaki wazi miaka yote.

Lakini swali lenu lilikuwa wakusanyaji wanaipenda ipi, leo, kati ya sarafu za zamani. Wengi walioanza na senti walihama. Senti zenye masuke ya ngano, za 1909 hadi 1958, zilishatoweka kwenye chenji, na mtoto wa sasa hawezi kupata ladha ile waliyoipata babu zake. Novemba 2025 kiwanda cha Philadelphia kilifua senti za mwisho za matumizi ya kawaida, baada ya gharama ya kutengeneza moja kufikia zaidi ya senti tatu. Nategemea jambo hilo litarudisha watu kwenye vijalada vyao kwa muda, na nitafurahi likitokea. Senti ya zamani pia ni ya shaba, na shaba haivumilii: rangi yake nyekundu inageuka kahawia ukiitunza vibaya, na mkusanyaji anayetaka nyekundu kamili analipa pesa nyingi kwa kitu kinachoweza kubadilika mikononi mwake. Senti ilimfundisha Mmarekani kukusanya, lakini akishakua na kupata mshahara, pesa yake anaipeleka kwenye Morgan.

Kuhusu dhahabu ya Saint-Gaudens sitakaa sana. Ni nzuri, hilo halina ubishi. Rais Theodore Roosevelt mwenyewe alimtaka Augustus Saint-Gaudens aipe nchi sarafu yenye hadhi ya zile za Wagiriki wa kale, na msanii alifariki Agosti 1907 kabla hajaziona zikiingia sokoni. Ya 1933 iliuzwa mnadani mwaka 2021 kwa takriban dola milioni 18.9. Ila sarafu hii ina karibu aunsi nzima ya dhahabu, bei yake inakwenda na soko la dhahabu, na wengi wanaoinunua wananunua dhahabu. Wakiona bei imepanda wanaiuza. Kijana anayefanya kazi ya ghala hawezi kujenga mkusanyo wa miaka yote 1907 hadi 1933 hata akijinyima maisha yake yote. Watu wanaitamani sana, lakini wanaoikusanya hasa ni wachache.

Kama mngeuliza ipi ni nzuri kuliko zote, ningetaja nusu dola ya Adolph Weinman, ile ya mama anayetembea kulielekea jua, ya 1916 hadi 1947. Serikali yenyewe iliona hivyo, maana tangu 1986 imeirudia sura hiyo kwenye sarafu yake ya aunsi moja ya fedha. Na nikeli ya nyati, yaani sarafu ya senti tano, ya James Earle Fraser, 1913 hadi 1938, ina wapenzi wake wasiotikisika. Shida yake ni kwamba tarehe iliwekwa mahali palipoinuka, ikalika upesi, kwa hiyo zimejaa nikeli ambazo hata mwaka wake hausomeki.

Tuje kwenye dola yako ya 1921. Wenzako wamekukatisha tamaa bure. Ni kweli si adimu: mwaka ule, baada ya miaka 17 ya kimya, sheria ileile ya Pittman ilitaka dola zilizoyeyushwa zirudishwe, na viwanda vitatu vikafua zaidi ya milioni 86 kwa mwaka mmoja kabla dola ya Amani haijachukua nafasi yake. Ni kweli pia kwamba haijachorwa vizuri kama za zamani. Vifaa vya asili vilikuwa vimeshaharibiwa mwaka 1910, na Morgan, akiwa mtu mzima sana, ilibidi achonge upya. Sura ikatoka bapa zaidi. Lakini ndani yake kuna karibu robo tatu ya aunsi ya fedha, hivyo haiwezi kamwe kukosa thamani. Na ni mwaka wa mwisho wa mfululizo wa asili, tena ni mwaka pekee ambao Denver ilizifua katika enzi hiyo.

Kwa hiyo igeuze uangalie upande wa tai, chini ya fundo la shada, juu ya herufi D na O za neno DOLLAR. Hapo pakiwa patupu, imefuliwa Philadelphia. Pakiwa na S ni San Francisco, pakiwa na D ndogo sana ni Denver. Hapo ndipo pa kuanzia: tafuta dola moja kutoka kila kiwanda, vyote vitano. Yako ya zawadi ni ya kwanza. Ya San Francisco nunua 1881-S au 1880-S, mpya, uzoee macho yako kuona sarafu iliyopigwa vizuri. Ya New Orleans chukua 1884-O au 1885-O. Ya Denver lazima iwe 1921 (kama yako si ya Philadelphia, basi tafuta na ya huko, 1886 au 1887 ni rahisi). Ya Carson City iache mwisho, jiwekee akiba, na uinunue ikiwa ndani ya kasha la kampuni ya kupima inayojulikana, kwa sababu alama ya CC ni ya kughushiwa sana, kuna hata wanaoibandika juu ya dola ya kawaida.

Usinunue sarafu ya fedha kwa mtu usiyemjua kabla hujaipima. Mizani ndogo ya vito inatosha: ikipungua sana gramu 26.73, au ikishikwa na sumaku, mrudishie. Akikuletea 1893-S kwa bei ya huruma, tazama kwa kioo sehemu ya juu ya herufi T ya neno LIBERTY kwenye taji. Iliyo halali ina mstari mdogo wa mshazari pale, maana dola zote za mwaka ule za San Francisco zilitoka kwenye muhuri mmoja wa mbele. Usipouona, mshukuru na uende zako.

Na ya mzee jirani yako, usiisugue hata ikiwa nyeusi.